Mkoba wa Noella Ulipofunguliwa

Alhamisi. Ukungu tangu alfajiri, na mpaka sasa haujaamua kuondoka.

Nimerudi nyumbani saa nane mchana. Sikumbuki mara ya mwisho kuiona sebule yangu saa nane mchana siku ya kazi. Kumbe mwanga huingia kwa dirisha la kushoto, unapita juu ya kochi taratibu, na tramu ikipita kule chini vikombe hutikisika kidogo kabatini. Miaka yote nimeishi hapa na sikujua. Nimechemsha chai ya tangawizi, nimekaa na koti langu bado mwilini, natazama ukungu unavyoyafuta maghorofa ya Croydon moja moja, kisha unayarudisha.

Sijafukuzwa. Naliandika hilo mwanzoni ili nisijitishe mwenyewe. Nimeambiwa niende nyumbani, nisubiri barua.

Nilistahili.

Ngoja nianze panapoanzia, maana kichwa leo kinaelea, na nikikiachia kiende kinakotaka nitaishia kuandika habari za ukungu peke yake. Majina yote humu nimeyabadilisha. Mtakaposoma mtaelewa kwa nini.

Wanaonifuata hapa wanajua ninakofanya kazi: lile duka kubwa la zamani, la ghorofa nne, ambalo jina lake sijawahi kulitaja. Chini kuna manukato na mikoba, na upande wa nyuma idara yangu ya vitambaa na nyuzi. Juu yake nguo, juu zaidi vyombo na taulo. Ghorofa ya juu kabisa ilikuwa ya vitanda na samani, nayo imefungwa. Vitanda bado vipo, vimefunikwa mashuka meupe, na vumbi limetulia juu yake kwa adabu.

Mimi hupanda kule wakati wa chai. Najua hairuhusiwi. Nakaa ukingoni mwa kitanda kilicho karibu na dirisha na kulisikiliza duka chini yangu, ngazi za umeme zikipanda bila mtu, ule muziki wa kinanda usiokwisha, hatua za mteja mmoja aliyepotea akitafuta choo. Mara nyingine hufumba macho nikaliona limejaa: akina mama wanagombea vitambaa, watoto wanalilia vitu, foleni imefika mlangoni, na mimi katikati yao natoa maelekezo kwa mikono yote miwili. Nikifumbua naona sanamu za kuonyeshea nguo zimepangwa ukutani, hazina mikono, zote zimetazama upande mmoja. Nazipenda zile sanamu. Sijawahi kumwambia mtu.

Duka linakufa, huo ndio ukweli. Watu wananunua kwa simu wakiwa kitandani. Wachache wanaoingia, baadhi yao wanatoka na vitu wasivyovilipia. Makao makuu walipoona hivyo wakatuletea kabati za vioo. Kila kitu kidogo chenye thamani kikafungiwa ndani, na pembeni pakawekwa kengele. Ukitaka mkasi, unabonyeza, mhudumu anakuja na ufunguo. Mhudumu mwenyewe ni mmoja kwa ghorofa nzima. Basi mteja anabonyeza, anangoja, anatazama saa yake, anaondoka. Wezi wao hawakuondoka, maana hawana shida na kengele. Walihamia kwenye taulo.

Meneja wetu, Bwana Kirit, alizaliwa Nakuru, baba yake alikuwa na duka huko, na Kiswahili chake hakijachuja hata baada ya miaka arobaini ya kuishi huku, Rayners Lane. Majani ya miti yalipoanza kupukutika alituita wakuu wa idara zote, akasema makao makuu wanataka mambo mawili, mauzo yapande na wizi upungue, na kwamba yasipotokea kabla ya mwaka kwisha, hatujui. Alisema "hatujui" kwa namna ambayo sote tulijua. Akatutaka kila mmoja alete wazo lake kwa maandishi.

Wenzangu walileta kurasa juu ya kurasa za kamera na milango inayolia. Mimi nilileta nusu ukurasa, tena wa daftari.

Niliandika kwamba kwetu Tanga huwezi kuingia dukani usisalimiwe. Habari za nyumbani, watoto wameamkaje, na ule mguu umepoa? Ukishasalimiwa hivyo, na ukajibu, mkono unakuwa mzito kuchukua cha watu, kwa sababu umeshaonwa. Hapa kwetu mtu anaweza kuingia, akazunguka saa nzima, akatoka, na hakuna binadamu aliyemtazama usoni ila kamera. Nikaomba idara yangu ifunguliwe zile kabati, iwekwe meza kubwa na viti, na akae pale mtu anayejua kushona. Kila anayeingia asalimiwe. Basi.

Bwana Kirit aliisoma mara mbili. Akasema makao makuu watamcheka. Kisha akanipa miezi miwili.

Mtu wa kukaa pale mezani nilikuwa naye tayari. Noella ni wa Bukavu, anakaa Peckham, na kila siku hufika kabla ya walinzi hawajafungua mlango wa nyuma. Kwa miaka miwili walikuwa wamemweka ghorofa ya taulo, kukunja na kukunjua, na hakuna aliyewahi kumuuliza anajua nini. Mimi nilijua kwa sababu nilimwona siku moja ameshona upindo wa pazia uliofumuka, hakuambiwa na mtu, ameusimamia tu hapo na sindano yake kutoka mfukoni. Kanisani kwao ndiye anayewavisha kwaya nzima.

Nikamshusha, nikampa meza.

Sijui niandikeje wiki zile bila kuonekana najisifu. Zilikuwa na utamu. Watu walikuja kununua uzi wakakaa nusu saa. Mzee mmoja wa Kiingereza alileta koti la marehemu mkewe, akataka vifungo vyake vihamishiwe kwenye koti lake yeye, na Noella akavihamisha kimoja kimoja huku mzee amemkalia kando. Akina mama wa Kihindi walikuja na sari zinazotaka pindo, wa Kinaijeria na lesi zao. Noella alikuwa na mto mdogo ambao kila asubuhi aliuchomeka sindano zilizokwisha kutungwa uzi, za kila rangi, kwa ajili ya wasioona vizuri. Unapita, unachukua moja, unaenda zako. Mchana jua likiingia kwa mlango mkubwa lilifika mpaka pale mezani, na mimi nikisimama mbali niliona mikono ya watu ikipita katika ule mwanga, vitambaa vinafunguliwa, vinakunjwa, na nilihisi kwamba nimeota na ndoto imekataa kuisha.

Mauzo yalipanda. Vitu vikatulia kwenye rafu zake. Bwana Kirit akaanza kushuka kila siku na kikombe chake cha chai, anajifanya anakagua.

Kati ya waliokuja alikuwemo Bi Zuhura. Jina lake si hilo. Ni Mzanzibari, amepita sabini, alifanya kazi ya kutunza wazee wa watu mpaka yeye mwenyewe akawa mzee. Alikuja kila Jumanne akivuta kigari chake cha sokoni, anakaa kiti cha pembeni ya Noella, wanapiga soga, yeye na Kiunguja chake, Noella na Kiswahili cha Bukavu, na hakuna aliyeshindwa kumwelewa mwenzake. Mimi Bi Zuhura namjua zaidi ya hapo. Alipofariki mume wangu, ndiye aliyelala kwangu siku saba. Alimpikia uji binti yangu Saumu, alinifulia, alifungua mlango na kuwaambia wageni nimelala hata kama sikulala. Watu wa namna hiyo huwatazami machoni unapoongea nao.

Jumanne moja nilikuwa nyuma ya rafu ya riboni. Nikaona mkono wa Bi Zuhura, mkono ninaoujua kwa pete yake na hina iliyofifia kuchani, unachukua mkasi mdogo wa kutarizia, ule wenye umbo la korongo. Ukautia kwenye kigari, chini ya mchicha. Mdomo wake haukusita. Alikuwa anamweleza Noella habari za bamia, kwamba za hapa ni ngumu na hazina utelezi.

Niligeuza uso. Nikaanza kuzipanga riboni zilizokuwa zimekwisha kupangwa.

Sisi watu wa pwani tumelelewa na jambo moja, kumsitiri mwenzio. Ukimwona mtu na aibu yake, unaifunika, humtangazi. Ni ustaarabu, nao tunajivunia. Basi mimi nilisimama pale na riboni zangu, na nadiriki kuandika hili kwa sababu leo sina tena cha kuficha: nilijiona mwema. Nilisema moyoni, nimemsitiri. Nitakwenda kwake nikamwambie taratibu, tukiwa wawili tu, wiki ijayo.

Wiki ijayo ikazaa wiki nyingine. Alichukua paketi ya sindano. Alichukua nyuzi za hariri, boksi zima. Alichukua mkasi wa fundi, ule mzito. Kila Jumanne nilikuta riboni zinahitaji kupangwa.

Hata mara moja sikujiuliza ni nani anayekaa pale mezani.

Jumatatu ya wiki hii walikuja watu wa makao makuu kuhesabu mali. Idara yangu iliwafurahisha kwa mauzo, kisha wakakuta vitu vya pale mezani vimepungua kuliko vya rafu zote za idara. Wao hawamjui Bi Zuhura. Wanaijua meza, na wanamjua aliyekaa kwenye meza. Wakaja na mlinzi, adhuhuri, wateja wamekaa kwenye viti vyote, wakamwambia Noella afungue mkoba wake hapo hapo.

Aliufungua. Walimtaka atoe kitu kimoja kimoja. Kilitoka kitana. Ikatoka mifuko miwili ya karanga za kukaanga, kitabu kidogo cha nyimbo za kanisani, soksi za akiba, chupa ya maji, picha ya wanawe iliyopigwa plastiki. Ikatoka bahasha ya kaki yenye karatasi zake, wakaifungua na hiyo. Halafu mkoba ukawa mtupu na mmoja wao akautikisa.

Hapakuwa na uzi hata mmoja wa duka. Wakamwambia hata hivyo aende nyumbani mpaka uchunguzi uishe.

Lazima nieleze ile bahasha. Noella anaomba kukaa nchi hii moja kwa moja. Faili lake linapaswa kupelekwa kwenye lile jengo refu la serikali linalopokea maombi ya wageni, ambalo ukiwa ghorofa yetu iliyofungwa unaona madirisha yake yakiwaka, na alikuwa anangojea karatasi moja tu, barua ya mwajiri wake. Bwana Kirit alikuwa aiandike wiki hii. Huwezi kumwandikia barua njema mtu unayemchunguza kwa wizi. Noella alilijua hilo kabla ya mtu yeyote pale. Niliona anavyoishika ile bahasha.

Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka mezani. Jina nilikuwa nalo mdomoni, limekwisha kuiva.

Nilinyamaza.

Alirudisha vitu vyake mkobani polepole, karanga, soksi, kitabu. Kitana kilikuwa cha mwisho. Alivaa koti, akasema, "Mungu iko anaona," si kwa ukali, kwa sauti ya kawaida tu, akaenda zake. Sindano zake zilibaki kwenye mto, zote na nyuzi zake. Siku ile hakuna mteja aliyechukua hata moja.

Jumanne, Bi Zuhura akaja kama kawaida. Akakuta kiti kitupu. Akaniuliza, yule mtoto wa Kongo yuko wapi leo, anaumwa? Nikamwambia tupande juu, kuna jambo. Tukapanda kwa lifti, mimi na yeye na kigari chake, mpaka ghorofa iliyofungwa. Alitazama vile vitanda vyeupe, akasema subhanallah, kama makaburini. Nikamkalisha kwenye kitanda changu cha dirishani.

Nikamwambia nimemwona. Sikuzunguka, niliogopa nikizunguka sitafika. Hakukana. Alikaa akivuta ncha ya shuka, akiinyoosha juu ya goti lake.

"Ulijua tangu lini?"

"Mwezi sasa, bibi. Nilikuwa nakusitiri."

Aliiachia ile ncha ya shuka. Nje tramu zilikuwa zinapita, unaziona lakini kwa urefu ule huzisikii.

"Hukunisitiri, mwanangu," akasema. "Ungenisitiri ungekuja kwangu siku ile ile, ukafunga mlango, ukanambia. Wewe umeniwacha nikaendelea."

Nimeishi miaka arobaini na sita na ndiyo kwanza nikaelewa kwamba ule ustaarabu una sehemu mbili, na mimi nilikuwa nimechukua ile nyepesi. Kufunika ni rahisi, unageuza uso tu. Kule kwenda kwa mtu, kukaa naye, kumwambia, ndiko kunakouma, ndiko nilikokukimbia kwa jina la heshima.

Kisha nikamweleza habari za Noella. Nilimweleza yote, mlinzi, mkoba, kitana, bahasha. Alitia mkono mdomoni. Machozi yalimtoka bila sauti yakaingia kwenye mtandio wake.

Akanieleza naye, ingawa sikumuuliza. Mimi nilikuwa nimemtungia umaskini. Nilidhani ana dhiki, anaviuza. Hana dhiki yoyote. Zamani, kwao, alitarizi kofia za viuwa, zile za vitundu vya kushonwa kwa mkono, na za kwake zilivaliwa na maharusi. Sasa mikono inamtetema. Hawezi hata kulipata tundu la sindano. Akifika nyumbani huvipanga vile vitu mezani, mkasi hapa, nyuzi pale kwa rangi zake, anakaa anavitazama mpaka kiza kiingie, na moyo wake unamwambia kesho ataanza. Alisema ni raha ambayo hajui kuieleza. Wala kuinunua hakuweza, kwa sababu ukinunua, alisema, mwenye duka anakuuliza unashona nini.

Mimi nilimwelewa. Mwenyewe ninakaa juu ya vitanda vya watu na kulitazama duka lililojaa.

Na hapa naungama tena. Hata baada ya yote hayo, nilimwambia: bibi, niletee vitu, nitavirudisha rafuni kimyakimya, nitasema vilikuwa vimewekwa pasipo pake, na mambo yataisha. Nilimwambia hivyo huku nimemshika mkono. Nilikuwa bado natafuta riboni za kupanga.

"Na yule mtoto wa watu je? Mkoba wake umeshafunguliwa," akaniuliza. "Utaufunga na nini?"

Akaomba siku moja. Jumatano sikumwona wala sikumpigia, na sikulala vizuri.

Leo duka lilipofunguliwa alikuwa mlangoni, katika ukungu, amevaa buibui lake la sikukuu na viatu vya kufunga. Sikumtambua mara moja. Tulikwenda pamoja ofisini kwa Bwana Kirit. Alifungua kigari, akatoa vitu akaviweka mezani kwake: mkasi wa korongo, mkasi mzito, sindano, hariri, tondoo la kuvaa kidoleni. Vyote vilikuwa na vibandiko vyake vya bei, hakuna kilichofunguliwa. Akasema kwa Kiswahili kilichonyooka kwamba amevichukua yeye, siku tofauti, na yule mwanamke waliyemfedhehesha hakujua lolote.

Bwana Kirit aliinuka akafunga mlango. Alimpa Bi Zuhura kiti chake mwenyewe, akamtilia chai kwa mkono wake, akamwita mama. Alisema hataita polisi. Ila itabidi aandike yaliyotokea, na itabidi Bi Zuhura asije dukani kwa muda. Bi Zuhura akasema ndivyo inavyotakiwa. Akanywa chai yote, mikono miwili ikikishika kikombe ili kisimwagike.

Halafu Bwana Kirit akanigeukia mimi.

"Dada, Jumatatu ulikuwa wapi?"

Nikamwambia nilikuwa hatua tatu kutoka mezani. Nikamwambia nilijua, na tangu lini.

Alivua miwani akaifuta kwa tai, muda mrefu. Si mtu wa kupiga kelele, na leo nilitamani apige. Alisema nusu ukurasa wangu bado anao kwenye mtoto wa meza. Alisema mle niliandika kwamba mtu akionwa haibi, na yeye akaamini, akaenda kuwaaminisha makao makuu. Kumbe mwandishi mwenyewe ameona na kugeuza uso. Akaniambia niende nyumbani nisubiri barua, na kwamba ukuu wa idara nisiuhesabu.

Lakini kabla sijatoka alichukua simu akampigia Noella, mbele yetu. Akamwomba radhi kwa niaba ya duka, akamwambia arudi Jumamosi, na barua yake ya mwajiri itamkuta mezani, safi. Meza itabaki. Makao makuu wamependa mauzo, wanataka nyingine kama hiyo ghorofa ya vyombo, na Noella ndiye atakayefundisha watu wake. Nilifurahi, nilifurahi kweli, na niliona haya kwamba furaha ile sina haki nayo.

Nikamsindikiza Bi Zuhura kituo cha basi. Alinishika mkono, kwenye kiwiko, kama alivyonishika siku ya mazishi ya mume wangu. Njia nzima alisema neno moja tu, nitazame ngazi, imelowa. Basi likaja likiwa na taa zake za njano, akapanda, ukungu ukamchukua.

Nilipofika hapa nilimpigia Noella.

Nilisikia maji yanachemka kwake na watoto wanaongea Kiingereza nyuma. Nilimwambia kila kitu. Nilimwambia kuwa nilijua kwa mwezi, na kwamba jina nilikuwa nalo wakati wanautikisa mkoba. Sikujitetea. Nadhani sikujitetea. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akawafukuza watoto jikoni, nikasikia mlango.

"Nilijua uko na kitu, Mama Saumu," akasema. "Watu wote walikuwa wanaangalia sakoshi. Mimi nilikuwa naangalia wewe tu."

Nikamwomba msamaha. Nililia, nakiri, na nilichukia kulia kwangu kwa sababu kulimfanya yeye aanze kunibembeleza. Akajizuia katikati. Sauti yake ikawa ya kazi.

"Hapana kwa simu. Sakoshi yangu haikufunguliwa kwa simu. Kuja Jumamosi, useme pale pale mezani, watu wakiwa wamekaa."

Halafu akanitakia mchana mwema, kwa adabu kamili, na akakata. Ile adabu ndiyo iliyoniuma.

Sasa hivi mwanga umetoka kwenye kochi umepanda ukutani. Saumu atarudi kutoka shuleni karibuni, atashangaa kunikuta, ataniuliza kwa Kiingereza kwa nini nipo nyumbani, na nitamjibu kwa Kiswahili, yote, kwa sababu ana miaka kumi na sita na inafaa ajue mama yake ni mtu wa namna gani. Bi Zuhura nitakwenda kwake kesho baada ya sala ya Ijumaa. Sitapeleka chochote. Nitakaa tu.

Na Jumamosi.

Nimeanza kujaribu maneno yenyewe kwa sauti, hapa sebuleni, nimesimama, koti mwilini. Mara ya kwanza nilijisikia nikisema kulitokea kosa. Mara ya pili nikasema tulikukosea. Nikaenda nikanywa maji, nikarudi, nikashika kiti kwa nyuma, nikamtazama mtu ambaye hayupo.

Noella, nilikuona, nikanyamaza.

Hayo ndiyo. Hayana hata robo dakika. Duka hufunguliwa saa nne asubuhi, na kufikia saa tano viti vyote huwa vina watu.